Bangi: Ni Dawa ao Ni Moshi?

SOMO LA VIKUNDI
Tusome kwanza: Mithali 31:4-7, Marko 9:14-29, Marko 15:22-23, 1 Wakorintho 6:12-20.



Kuna maneno yanazunguka katika vijiji vyetu vya Pangi, kutoka Kalima mpaka Kampene, hata kwenye soko la Kindu. Watu wanasikia kwa radio, wengine wanaona kwenye telefoni, kwamba Wazungu wameruhusu bangi, kwamba sasa imekuwa dawa, kwamba hata jirani zetu wa Rwanda wanailima kwa ruhusa ya Leta. Kijana akikutwa na msokoto nyuma ya nyumba hakimbii tena kama zamani. Anasimama na kumjibu mzazi wake: "Papa, hii ni dawa, Canada wanaiuza madukani." Tena kuna mama mwenye mtoto wa kifafa, mama ambaye hajashika bangi hata siku moja maishani mwake, na jirani amemwambia achemshe majani yake amnyweshe mtoto.

Kijana na mama wanatumia neno moja, dawa, lakini hawaulizi jambo moja. Mama anatafuta mtoto wake apone. Kijana anatafuta ruhusa. Tukiwajibu wote wawili kwa kugomba tu, mama ataona Kanisa halijali mateso yake, na kijana ataona hatujui lolote la dunia. Kwa hiyo somo la leo linataka kutenga maneno haya mawili, tujue kipi kimekubaliwa huko ng'ambo na kipi hakikukubaliwa.

Tuanze na mmea wenyewe. Katika majani na maua ya bangi mna vitu vingi, lakini viwili ndivyo vinavyosemwa sana. Cha kwanza kinaitwa THC. Hicho ndicho kinacholewesha, kinachopindua mawazo na kumfanya mtu acheke bila sababu ao aogope kivuli chake. Wataalamu wa Israeli, Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni, ndio waliokitenga na kukijua vizuri mwaka 1964. Cha pili kinaitwa kanabidioli. Hicho hakileweshi.

Waganga wa hospitali za Ulaya na Marekani walichunguza vitu hivi kila kimoja peke yake. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vidonge vya THC iliyotengenezwa kiwandani, kwa wagonjwa wa kansa wanaotapika sana kwa ajili ya dawa kali wanazopewa. Mwaka 2018 ikaruhusu dawa nyingine, Epidiolex, ambayo ni kanabidioli iliyosafishwa, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali, zile adimu zinazokataa dawa za kawaida. Dawa hiyo mtoto hupewa kwa mdomo, inapimwa kwa bomba dogo kulingana na uzito wake, na damu yake inachunguzwa ili kujua kama ini haliumii.

Angalieni vizuri: hakuna moshi hapo. Hakuna msokoto wala majani yaliyochemshwa katika sufuria ya sombe. Mtu aliyechukua kitu kimoja kutoka katika mmea, akakisafisha, akakipima, akakijaribu kwa wagonjwa mbele ya mashahidi, amefanya kazi ile ile iliyofanywa kwa ganda la mti wa kinini kutibu malaria. Kanisa haliwezi kupigana na kazi ya namna hiyo. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, na hakuna aliyesema nabii amepunguza imani.

Tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, tume ya Umoja wa Mataifa inayosimamia madawa ya kulevya ilipiga kura juu ya bangi. Nchi 27 zilikubali, 25 zilikataa, na moja haikuchagua upande. Watu wengi walitangaza kwamba siku ile bangi ilifunguliwa duniani. Sivyo. Bangi ilitolewa katika orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa vibaya kabisa na visivyo na faida ya tiba, lakini ilibaki katika orodha ya vitu vinavyochungwa na mkataba wa mwaka 1961. Ni kama mfungwa aliyetolewa katika chumba cha giza. Bado yuko gerezani.

Sasa turudi kwa mama na mtoto wake, kwa maana hapo ndipo penye machozi.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Katika dunia watu kama milioni 50 wanao. Si uchawi wa bibi wa upande wa baba, wala hakiambukizi kwa mate ya mtu aliyeanguka, ingawa tumeona watu wanaacha mtoto aungue motoni kwa hofu ya kumgusa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika watu 100 wenye kifafa, mpaka 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata uchunguzi na dawa inayofaa. Tena dawa zile za kawaida zinaweza kugharimu kama dola 5 tu kwa mwaka mzima. Gardénal, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina, ni mojawapo. Na Epidiolex? Ilipotoka mwaka 2018 bei yake Marekani ilikuwa dola 32,500 hivi kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Katika nchi maskini, wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati hata ile ya dola 5.

Hapo ndipo naona uongo wa jirani yule, hata kama alisema kwa moyo mwema. Anamwambia mama kwamba Wazungu wanatibu kifafa kwa bangi, wakati Mzungu mwenyewe mtoto wake akianguka anaanzishiwa dawa za kawaida kwanza, na kanabidioli inakuja mwishoni, kwa wachache. Tena majani yanayokua huku kwetu yana THC ndani, ile inayolewesha. Hakuna anayejua kikombe kimoja kina kiasi gani. Leo mtoto atalala, kesho atatapika na kupayuka, na mama atafikiri pepo wamezidi.

Mama mpendwa, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya. Mweleze munganga alianza lini kuanguka, anaanguka mara ngapi kwa mwezi, usiku ao mchana, na kama anajiuma ulimi. Ukipewa Gardénal, mpe kila siku kama ulivyoagizwa, na usiikate ghafla kwa sababu ameshapata nafuu wiki tatu. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kuanguka mfululizo kunakoua. Usimtume mtohuyo peke yake mtoni kuchota maji. Na ile dawa ya Mectizan inayogawiwa bure kwa ajili ya upofu wa mito, msiikimbie. Kando ya mito yenye inzi wadogo weusi wanaouma, wataalamu wameona kwamba minyoo inayoletwa na inzi hao inakwenda pamoja na kifafa cha watoto, na vijiji vinavyomeza dawa ile kila mwaka vinalinda watoto wao.

Je, maombi yako wapi? Yako pale pale. Katika Marko sura ya 9 tunasoma juu ya baba aliyeleta mtoto ambaye alikuwa akiangushwa chini, akitoka povu, akitupwa motoni na majini. Bwana hakumuuliza baba kwa nini alizunguka kwanza kwa wengine. Alimuuliza tangu lini jambo hili limempata mtoto. Ni swali lile lile ambalo munganga atakuuliza. Yule anayemwombea mtoto na kumkataza kumeza dawa hakutumwa kufanya hivyo na Roho, na wazee wa parokia wana haki ya kumwita wazungumze naye.

Hayo ni ya mama. Tuje kwa kijana.

Ni kweli kwamba nchi fulani zimeruhusu bangi kwa watu wazima wote, wagonjwa na wazima. Uruguay ilitangulia mwaka 2013, Canada ikafuata Oktoba 2018, Ujerumani Aprili 2024. Afrika ya Kusini, mahakama yake kubwa ya katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima akivuta nyumbani kwake hafanyi kosa, na sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2024 ikathibitisha hivyo, lakini biashara yake haikuruhusiwa na sheria ile. Thailand iliifungua mwaka 2022, maduka yakajaa kila njia, na mwaka 2025 ikarudi nyuma na kudai karatasi ya munganga kwa kila anayenunua. Kwa hiyo anayesema dunia yote inakwenda upande mmoja hajatazama vizuri.

Na Afrika yetu? Lesotho ndiyo ya kwanza kutoa ruhusa ya kulima kwa ajili ya dawa, mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, na Malawi mwaka 2020, ikiwa na hofu kwamba tumbaku yake haitauzwa tena kama zamani. Rwanda ilikubali Oktoba 2020 na kutoa kanuni zake mwaka 2021. Lakini someni kanuni hizo! Mwenye shamba anatakiwa kuwa na uzio, kamera na walinzi, na mavuno yote ni ya kupelekwa nje. Mnyarwanda akikutwa na msokoto mmoja mfukoni anakwenda gerezani kama zamani. Huyu kijana wetu anayesema "hata Rwanda wanailima", na avuke mpaka avute huko, aone.

Uganda kulitokea jambo la kuchekesha kidogo. Mei 2023 mahakama ya katiba ilifuta sheria nzima ya madawa ya kulevya, na watu wakashangilia kwamba bangi imekuwa huru. Kumbe sababu ilikuwa kwamba siku sheria ile inapitishwa bungeni, wabunge hawakutimia hesabu inayotakiwa. Bunge likatunga nyingine, na bangi ikarudi palepale. Kenya, katika uchaguzi wa Agosti 2022, mgombea George Wajackoyah aliahidi kulima bangi ya kuuza nje ili kulipa madeni ya taifa. Watu walimfurahia sana kwenye mikutano, lakini siku ya kura hakupata hata kura moja kwa mia.

Ukitazama habari hizi zote utaona mambo mawili. La kwanza, kuruhusu kulima kwa ajili ya kiwanda na kuruhusu mtu avute barabarani ni mambo mbali kabisa. La pili, faida huwa haiendi kwa maskini. Huko Lesotho wakulima wa milimani walikuwa wanalima bangi kwa siri miaka mingi. Ruhusa ilipokuja, ilikuwa ya makampuni yenye fedha za kununua vibali na kujenga nyumba za vioo, na mkulima mdogo akabaki mvunja sheria kama jana. Watu wa Pangi tunaijua njia hii. Kasiterite ilitoka Kalima kwa miaka mingi, kampuni baada ya kampuni, na barabara yetu ya kwenda Kindu mnaijua wenyewe. Anayetuambia kwamba bangi italeta utajiri ambao kasiterite na zahabu hazikuleta, atueleze kwanza njia ya utajiri huo mpaka kwenye nyumba ya mama anayeuza mihogo.

Wako wengine wanaosema kwamba bangi ni mambo ya mababu, na kwamba katazo lililetwa na Wazungu. Hapa kuna kweli nusu, na tuitazame bila hofu.

Bangi haikuzaliwa msituni kwetu. Jina lake lenyewe ni la India, likapita bahari, likaingia pwani, likapanda na njia za biashara mpaka Nyangwe na Kasongo. Mwaka 1881 wasafiri wawili Wajerumani, Hermann Wissmann na Paul Pogge, walifika kwa Wabashilange, watu wa Lulua huko Kasai, kwa mfalme Kalamba Mukenge. Walikuta dini mpya. Watu wale walijiita Bena Riamba, wana wa bangi. Walikuwa wamechoma vitu vyao vya zamani vya ibada, wakakataza silaha ndani ya vijiji, wakasalimiana kwa neno la uzima, wakakusanyika jioni kuvuta kibuyu kimoja pamoja. Hata mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi mpaka azimie. Watu wa Kalamba wakafuatana na wageni hao mpaka Nyangwe, hapa kwetu Maniema, mwaka 1882.

Sisi watu wa Kanisa lililozaliwa Afrika tusiwacheke Bena Riamba. Walitafuta amani na undugu, walichoka na uchawi na vita, na hicho ndicho hata sisi tulichokitafuta. Lakini moshi haukuwapa. Wakati ule ule wa kibuyu cha undugu, bunduki za Wachokwe zilikuwa zinaingia Lulua, na bei yake ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1884 Wissmann alijenga kituo chake cha Luluabourg karibu na Kalamba, na baada yake nchi ikashikwa na Bula Matari. Undugu wa jioni haukumzuia mtu kuuzwa asubuhi.

Na ni kweli katazo lililetwa na Wazungu. Dekreti ya Leta ya Léopold ni ya mwaka 1903, na ilikataza kulima, kuuza na kuwa na bangi ya kuvuta. Leta ile ile, mwaka ule ule, ilikuwa inawatesa watu wetu kwa ajili ya mpira wa msituni. Hatudanganyiki kwamba walitukataza kwa upendo. Lakini kitu hakiwi kizuri kwa sababu aliyekikataza alikuwa mbaya. Kanisa letu halikuchukua katazo lake kutoka kwa Léopold.

Linatoka wapi basi? Vijana wanapenda kutaja Mwanzo 1:29, kwamba Mungu alimpa mwanadamu kila mmea wenye mbegu. Sawa. Aya ile inasema mimea iwe chakula, na hata uyoga wa sumu unaota msituni bila mtu kuupanda. Someni zaidi Mithali 31. Mama yake mfalme Lemueli anamwonya asinywe kileo, asije akasahau sheria na kupotosha haki ya wanaoteswa; kisha anasema kileo kipewe mtu anayekaribia kufa. Mama huyu alikwisha kutenga mambo haya mawili kabla ya bunge lolote: kuna kitu cha kumtuliza anayekufa, na kuna mtu mwenye kazi ya kuhukumu ambaye akili yake haina ruhusa ya kulala. Msalabani Bwana mwenyewe aliletewa divai iliyotiwa manemane, ambayo ilikuwa ya kupunguza maumivu, akaikataa. Hakuwalaumu waliomletea. Yeye alikuwa na kazi ya kumaliza, na alitaka kuimaliza macho wazi.

Sasa neno gumu kidogo, na wazee mnisikilize. Kwa nini watoto wetu wanavuta? Nendeni kwenye karieri mkaone. Kijana anaingia katika shimo la mita nyingi, udongo haukushikwa na mti wowote, maji yanadondoka, na tangu asubuhi hajala. Bangi inamwondolea hofu na njaa kwa saa chache. Hofu ile ilikuwa ya kumwokoa. Aliyevuta hasikii udongo unapolia. Na kati ya watu 10 wanaovuta, mmoja hivi anafungwa nayo, hawezi kuacha. Wanaoanza wakiwa watoto wa shule, ni mmoja kati ya 6. Wengine wanapata kichaa kisichorudi, hasa ikiwa katika ukoo kulikuwa na ugonjwa huo. Mwanamke mwenye mimba akivuta, mtoto anazaliwa na uzito mdogo.

Lakini nimeona mzee anampiga mtoto kwa ajili ya bangi, na pumzi yake mwenyewe inanuka lotoko. Amri za Kanisa zimetaja vyote, pombe, tumbaku na bangi, wala hazikuweka kimoja chini ya kingine. Tena sioni faida ya kumkabidhi mtoto polisi kwa msokoto mmoja. Huko atalala na wezi wakubwa, familia itauza mbuzi ili atoke, na atatoka anavuta zaidi. Katazo la Kanisa ni moja, na kumtupa mtu ni jambo jingine. Mapendo ya vijana, fanfare, shamba la parokia, viwekwe wazi kwake hata kabla hajaacha, kwa maana anayeacha peke yake, bila kazi na bila rafiki, anarudi karieri baada ya siku 3.

Kama Leta yetu siku moja itaruhusu dawa zilizosafishwa kwa wagonjwa, na munganga akamwandikia mwamini, mwamini huyo ameze kwa amani wala asiitwe mbele ya baraza. Kama itaruhusu watu wote wavute, sheria ya nchi itakuwa imebadilika na amri yetu itabaki, kama vile lotoko na sigara vinavyouzwa sokoni na sisi hatununui. Na mimi kwa upande wangu naomba isiruhusu, kwa maana nchi isiyoweza kufikisha Gardénal ya dola 5 Kampene haitaweza kuchunga umri wa anayenunua bangi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Katika kijiji chenu kuna nani mwenye kifafa ambaye bado hajafika kituo cha afya, na nani atamsindikiza wiki hii? Tukisoma Mithali 31:4-7, nani katika kanisa letu ana kazi ya mfalme Lemueli? Kijana akija kuungama kwamba anavuta, parokia yenu itampa nini cha kufanya siku inayofuata?